Miguu ya Mama na Sakafu ya Chumba cha Nyuma

Mama alikuja kukaa nasi Winson Green, Uingereza, mwaka 2016, baada ya kaka yangu aliyekuwa akiishi naye Leicester kuhamia Kanada na familia yake. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Sukari alikuwa nayo tangu mimi ni msichana kule Tanga, na alipofika kwetu ilikuwa imeshamharibu miguu kwa ndani. Haikuwa na kidonda wala uvimbe, ila ukimgusa nyayo hajui kama umemgusa. Binti yangu alikuwa akimtekenya kwa makusudi, na bibi yake anaendelea kuvuta uradi, uso mkavu, mpaka mtoto anachoka mwenyewe.

Jambo ambalo sikulielewa upesi ni kwamba miguu ile isiyosikia kitu ilikuwa ikisikia baridi. Nilimuuliza daktari, akasema mishipa ya fahamu ikiharibika huleta habari za uongo. Nikimshika Mama miguu naikuta ina joto kama mkono wangu, naye ananiambia, "Imeganda, mwanangu. Kama mtu ameitia kwenye barafu." Akivaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, bado anasema hivyo hivyo.

Ngazi zilikuwa zimemshinda, kwa hiyo tulimpa chumba cha nyuma, kile kilicho kati ya sebule na jiko, karibu na choo cha chini. Nyumba zetu mtaa ule zimeshikana ukuta kwa ukuta, za zamani sana, na chumba kile kilikuwa na vigae vyekundu vilivyolazwa juu ya udongo mtupu. Tulitandika zulia, tukaongeza la pili, na baridi ikapanda vilevile. Joto lilitoka kwenye hita moja tu ya ukutani, chini ya dirisha, ile ya bati ambayo maji ya moto hupita ndani yake.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Moseley, katika nyumba ya kulea wazee, jumba kubwa la zamani lenye bustani nyuma. Nilikuwa na miaka tisa pale. Kila hita katika jumba lile ina sanduku lake la mbao lenye matundu, ili mzee asije akaiegemea akaungua. Siku ya kwanza kabisa ya kazi nilionyeshwa masanduku yale na nikaelezwa sababu yake. Nayasema haya mapema kwa sababu sikuwa na haki ya kutojua.

Theluji kubwa ilianguka mwanzoni mwa mwezi wa tatu, mwaka 2018. Asubuhi ile, kabla sijatoka, nilisogeza kiti cha Mama mpaka karibu na hita, nikamfunika shuka ya sufu magotini, nikamwachia chupa ya chai. Shule zilifungwa, kwa hiyo binti yangu wa miaka kumi na minne alibaki nyumbani, chumbani kwake juu. Mume wangu alikuwa na gari la kupeleka mizigo, akakwama upande wa Shard End mpaka jioni. Kule kazini wenzangu wa zamu ya mchana hawakuweza kufika, nikaombwa nibaki. Nikabaki. Niliwalisha mama za watu, nikawabadilisha nguo, nikawafunga vifungo vya sweta.

Niliporudi nilimkuta Mama amekaa palepale, tasbihi mkononi, ametulia. Binti yangu alikuwa amemshukia mara mbili na kumjazia chai, na bibi yake akamwambia yu salama. Alikuwa salama kwa kadiri alivyojua yeye. Alikuwa amevua viatu na kukanyaga hita kwa nyayo zote mbili, na soksi zikiwa zimeshikana na bati.

"Kuna kitu kinaungua jikoni," aliniambia. "Nasikia harufu yake tangu adhuhuri."

Sitaeleza nilichokiona nilipozivua zile soksi. Alilazwa wiki tatu. Mguu wa kulia ulipona. Wa kushoto walimkata vidole viwili, na nesi akawa anakuja nyumbani kumbadilisha bandeji mpaka mwezi wa tano.

Mume wangu alitengeneza sanduku la hita Jumamosi ya kwanza baada ya ajali, kwa mbao alizonunua mwenyewe. Lilikuwa zuri, na likala nusu ya joto la chumba. Aliporudi kutoka hospitali Mama alilitazama sanduku lile, akanitazama mimi. Siku chache baadaye nilimkuta jikoni amevuta kiti mbele ya jiko, mlango wa oveni wazi, miguu yake yenye bandeji imeelekezwa ndani. Nilizima oveni nikakaa chini sakafuni. Nilielewa kwamba maadamu kuna mahali penye moto ndani ya nyumba yetu, Mama atapafuata. Ilibidi joto litoke mahali ambapo hawezi kulisogelea, liwe sawa kila upande, na lisiweze kumchoma hata akilikalia kutwa nzima.

Mume wangu ndiye aliyesema sakafu. Yeye ni Msomali wa Garissa, aliyefika Uingereza kwa kupitia Uholanzi, na kule aliwahi kupanga katika nyumba yenye mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu.

"Sisi kule hatukuwa na hita hata moja," alisema. "Unatembea miguu tupu mwezi wa kwanza. Hakuna mahali moja pako moto kushinda pengine."

Nilikubali sakafu siku ileile. Tuliloshindana ni sakafu ya namna gani. Ziko mbili. Ya kwanza ni ya umeme: wavu mwembamba wenye waya hutandazwa juu ya sakafu iliyopo, vigae vipya vinawekwa juu, na kazi inakwisha kwa siku mbili tatu. Ya pili ni ya maji: sakafu inachimbwa, mabomba yanazungushwa, zege linamwagwa, halafu mnasubiri wiki nyingi likauke. Mimi nilitaka ya umeme. Nilikuwa na haraka ambayo sikuweza kuieleza, kama mtu aliyeacha kitu motoni.

"Kwani nani anatukimbiza?" mume wangu aliniuliza. "Baridi imeisha. Tuko na miezi mitano."

"Sitaki kuivunja nyumba," nikamwambia. Haikuwa kweli. Ningeivunja yote kwa siku moja kama ingesaidia.

Tulikwenda kuangalia dukani, duka kubwa la vigae na mabafu nje kidogo ya mjini. Pale walikuwa wameweka vipande viwili vya sakafu, kila kimoja ukubwa wa mkeka wa kuswalia, kimoja cha waya na kingine cha mabomba, na muuzaji akatuambia tuvue viatu tusimame juu yake. Nikavua. Nikasimama kwenye ya umeme. Joto liliingia kwenye nyayo likapanda taratibu mpaka kwenye vifundo, na mwili wote ukalegea. Nikahamia ya pili nikasikia vilevile. Muuzaji akaniuliza ipi imenipendeza zaidi.

Nilikuwa nimesimama pale nachagua kwa miguu yangu mimi, na miguu yangu haikuhusika. Mtu tuliyemtafutia sakafu hii asingejua tofauti ya hiki na kile, wala ya hiki na bati la hita. Nilivaa viatu nikatoka nje, na mume wangu alinikuta garini.

Aliwasha gari, na tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Tutafute fundi. Tumuulize swali la mama, si swali letu."

Fundi tuliyempata alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye mvi, mpole, anayetembea na penseli nyuma ya sikio. Mume wangu alikuwa amemjua msikitini, kwa rafiki wa rafiki. Alipiga magoti chumbani kwa Mama, akainua pembe ya zulia, akagonga vigae kwa kifundo cha kidole.

"Chini ya hapa ni udongo tu," alisema. "Minaweza weka ya kuran ao ya mayi. Yote mbili inawezekana." Kuran kwake ni umeme, na mayi ni maji. Mama, aliyekuwa amekaa kitandani, alimsikiliza kwa makini kama anasikiliza redio ya mbali.

Nikamweleza habari yote ya miguu. Nilimweleza na ya hita, nikasema kwa sauti ndogo. Akasikiliza, halafu akauliza jambo ambalo muuzaji hakuuliza.

"Mchana mama analala wapi?"

Nilitaka kusema kitandani. Mama akajibu mwenyewe. "Chini. Kitanda cha usiku. Mchana natandika godoro langu hapo, nanyoosha mgongo."

Ilikuwa kweli. Tangu Tanga, baada ya adhuhuri, Mama hulala chini, na godoro jembamba la sufi alilonalo lilitoka naye huko. Kila siku nalikuta limekunjwa nyuma ya mlango na sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Fundi alitikisa kichwa. "Basi kuran, hapana. Ukiweka godoro juu ya waya, moto inakosa njia ya kutoka. Inabaki pale chini ya godoro, inapanda, inapanda. Kipimo kiko mbali upande wa mlango, hakijui. Mtu mwenye anasikia, ataamka. Mama hatasikia."

"Na ya maji?" mume wangu akauliza.

"Mayi haiwezi kupita moto yake yenyewe. Minaipima kwenye mlango wa bomba. Kama nimesema iingie vuguvugu, itakuwa vuguvugu tu, hata uweke magodoro kumi."

Nesi wa miguu alituambia sakafu isizidi joto la mwili wa mtu, na fundi akasema ataiweka chini zaidi ya hapo. Shauri likaisha. Mimi ndiye niliyeipinga ya maji kwa sababu ya haraka yangu, na mume wangu hakunikumbusha.

Aliyebaki kupinga ni Mama. "Msinivunjie nyumba yenu," alisema kila siku kwa wiki nzima. "Nina muda gani wa kuikanyaga hiyo sakafu? Nipeni blanketi." Mume wangu ndiye aliyemjibu. Alikwenda kukaa kwenye kiti mbele yake, akainamisha kichwa kama alivyozoea mbele yake, akasema, "Mama, nyumba ni yako. Sisi ndio tunakuomba ruhusa." Mama akavuta uradi kidogo, akasema, "Haya."

Kazi ilianza katikati ya mwezi wa sita. Chumba kikatolewa kila kitu, na ilibidi Mama ahamie juu, chumbani kwa binti yangu, mpaka zege likauke. Nilikuwa nimefikiri tutampandisha taratibu, ngazi moja moja, mimi mbele na binti yangu nyuma. Alipanda mbili. Ya tatu, mguu wa kushoto ulikosa mahali pa kushika, akaninginia mikononi mwetu na tukaketi wote pamoja kwenye ngazi, tukihema.

Mume wangu alikuwa chini, anatutazama. Katika miaka kumi na saba ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akimgusa mama yangu zaidi ya kumbusu mkono siku ya Idi. Dini haimkatazi, ni haya tu ya mkwe, na wote wawili waliishika sana. Mama hakuwahi kula mbele yake bila kujifunika vizuri.

Alivua viatu. Akapanda mpaka ngazi aliyokuwapo Mama, akageuka akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Mama, niwie radhi," alisema. "Nishike shingoni."

Mama akanyoosha mtandio wake, akauingiza vizuri chini ya kidevu, akaweka mikono yake miwili mabegani kwa mume wangu, akafumba macho. Mume wangu alimpandisha mpaka juu kwa pole, akihesabu ngazi kwa Kisomali chini ya pumzi. Alipomketisha kitandani aliondoka bila kugeuka nyuma, na nilimsikia bafuni amefungulia maji kwa muda mrefu.

Mama alifungua macho akasema, "Mwanaume yule ana mgongo wenye joto." Halafu akaomba maji ya kunywa.

Alikaa juu wiki saba. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali kupita kawaida, majani ya bustani yakakauka yakawa rangi ya majani makavu ya mkeka, na fundi alifurahi kwa sababu zege lilikauka vizuri. Kule juu kulikuwa na joto zito. Madirisha wazi, sauti za jela iliyo ng'ambo ya mtaa zinasikika, milango na watu wakiitana. Mama alimfundisha binti yangu kusuka ukili. Yeye anasema kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyemwomba mwenzake arudie.

Alasiri moja nilikuwa namkagua nyayo, kama nesi alivyonifundisha, kwa kioo kidogo. Vidonda vilikuwa vimefunga. Nilishika ule mguu wa kushoto, mahali pa vile vidole viwili, na maneno yakanitoka.

"Mama, siku ile kiti nilikisogeza mimi."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimekikalia."

"Kazini kwetu hita zote zina masanduku. Nilijua."

"Hilo sikulijua." Nilisubiri aseme kwamba si kosa langu, kama watu wote walivyosema, daktari, nesi, mume wangu. Hakusema. Alisema, "Ulikuwa na haraka ya kwenda kuwaangalia wale wengine. Nilikuona. Nikasema moyoni, huyu mtoto anachoka." Kisha akauvuta mguu wake polepole kutoka mikononi mwangu, akaufunika na kanga, akaniambia nikaangalie chungu jikoni.

Sijapata kusikia maneno yaliyonipa nafuu kama yale, na mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinieleza tu alichokiona.

Alirudi chini mwezi wa nane, kwa njia ileile, mgongoni kwa mkwe wake, na safari hii hawakuoneana haya sana. Chumba kilikuwa na vigae vipya vya rangi ya mchanga, na ukutani, mahali ilipokuwa hita, palikuwa patupu, pamepakwa rangi. Mama alipapita kwa macho. Mwezi wa kumi fundi alikuja kuwasha. Alituambia isipandishwe kwa siku moja, ila kidogo kidogo, na itachukua muda mpaka zege lote lishike joto. Siku tatu nzima hakukuwa na tofauti yoyote. Siku ya nne niliingia chumbani baada ya alfajiri, miguu mitupu, nikaikuta sakafu imeamka.

Nikamwita Mama. Alishuka kitandani, akasimama juu ya vigae, akangoja. Sote tulimtazama, hata binti yangu aliyekuwa tayari amevaa sare za shule.

"Sisikii kitu," Mama alisema.

Mume wangu akatazama pembeni. Lakini Mama hakuwa amemaliza. Alinishika mkono, akaniambia nimteremshe. Nilimshusha mpaka akakaa chini, akanyoosha miguu mbele, akaweka viganja viwili juu ya sakafu, kushoto na kulia, vidole vimefunguka. Alivikaza pale. Akavihamisha mbele kidogo, akavikaza tena, kama mtu anayepima unga. Kisha akageuza mkono mmoja akaweka upande wa nyuma wa kiganja.

"Joto hapa lipo," alisema. "Na hapa pia lipo."

Hatukupata kumsikia tena akisema miguu imeganda. Siwezi kusema kwa nini, maana miguu haikubadilika. Huenda ilikuwa ni kwa sababu alikuwa akikaa chini mchana kutwa, na joto likimwingia kwa mapaja na mgongo na mikono. Huenda alichoka kulalamika baada ya kazi yote ile. Nesi alipokuja kumkagua aliridhika, hakukuwa na wekundu wala lengelenge, naye aliandika kitu kwenye daftari lake akaacha kuja kila wiki.

Mama aliishi na sakafu ile majira ya baridi moja na mwanzo wa ya pili. Alifariki mwezi wa kumi na moja, mwaka 2019, kwa moyo, hospitalini, mchana, mimi na mume wangu tukiwa naye.

Msiba uliwekwa kwetu. Wanawake walikaa chumba cha nyuma, maana ndicho kilichokuwa na nafasi: Wazanzibari, Wakenya, majirani, na mke wa fundi aliyekuja na sufuria ya wali kutoka Shard End. Tulitandika mikeka. Nje mvua baridi ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na kila aliyeingia alivua viatu vilivyolowa, akakaa, na baada ya muda kidogo nikamwona anaweka mkono pembeni ya mkeka, kwenye kigae, akiutazama kwa mshangao, kisha akiuacha palepale. Hakuna aliyeuliza. Walisoma, wakanyamaza, wakasoma tena. Bibi mmoja wa makamo ya Mama alilala palepale katikati ya watu, na wenzake wakamwacha.

Siku ya nne, watu walipokwisha ondoka, mume wangu aliniuliza kama azime joto la chumba kile, kwa kuwa hakuna mtu anayekaa humo. Nikamwambia asubiri. Alisubiri mpaka baridi ilipokuwa karibu kwisha, akazima mwenyewe bila kuniuliza. Niliingia asubuhi nikaikuta sakafu imepoa, nikasimama kidogo, nikaenda kazini.